Milango ya Kioo cha Mama

Mama aliacha kula kwa sababu ya adabu. Watu wakisikia hivyo hudhani nafanya mzaha, na mimi sina subira ya kueleza jambo mara mbili, kwa hiyo nitalieleza hapa mara moja nimalize.

Chumbani kwake kulikuwa na kioo cha ukutani, kirefu na kipana, chenye fremu ya mvule ambayo baba aliichonga mwaka aliomwoa. Ndani ya kioo hicho, kwa maelezo ya mama, alikuwa anakaa mgeni. Alikuwa mwanamke mzee, mkimya, mwenye heshima zake. Mama hakukumbuka alifika lini na hakumwuliza ataondoka lini, kwa kuwa mgeni haulizwi hivyo. Kila chakula kilipoiva alimwekea sahani, akanawa mikono, akaketi mbele yake na kungoja aanze. Mgeni naye alikuwa ameketi, amenawa, anamngoja mama. Kwetu mwenyeji hatangulii kupeleka tonge mdomoni na mgeni anatazama. Basi wakangojana hadi ugali ukaota ngozi, na mwisho mama akasema huyu mwenzetu leo hana hamu, akafunika sahani zote mbili na kwenda kulala na njaa.

Mimi ni fundi seremala, hapa Korogwe. Ndiyo, ni mwanamke, na wateja wanaoniuliza fundi mwenyewe yuko wapi huwa nawaonyesha barabara. Kazi nilifundishwa na baba, aliyekuwa na karakana yake Handeni, katika kijiji kisicho mbali na Mkata, na huko ndiko mama alikobaki baada ya baba kufariki. Nilikuwa nakwenda kumwona kila nilipopata nafasi. Safari moja nilimkuta uani anachambua mihogo, nikampigia shikamoo. Akaitikia marahaba vizuri kabisa. Kisha akaitazama mikono yangu, ambayo ina makovu ya patasi, akaniuliza kama mimi ndiye fundi niliyeitwa kuutazama mlango wa choo.

Nikamwambia, mama, mimi ni mwanao. Akacheka kwa huruma, akasema mwanawe yuko mbali, ana kazi nyingi, ila atakuja. Tangu siku hiyo nikawa fundi. Nikimsalimia aliniitikia marahaba fundi. Nikimwogesha alinishukuru, akasema siku hizi mafundi wanafanya hata kazi hizi, Mungu awabariki. Najua ni maradhi ya kusahau, daktari alinieleza taratibu na nikamwelewa. Lakini kuelewa hakukunizuia kuumia, na mara nyingi nilitoka nje nikaipiga randa mbao ambayo haikuwa na kosa lolote.

Nikaamua kumhamishia kwangu Korogwe. Alikubali upesi, akasema amechoka na upweke, ila kwa sharti kwamba mgeni wake naye aje. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mgeni hakuwa jirani aliyekuwa akimtembelea. Nilimwona mama akikisogelea kioo, akainama kidogo na kukiarifu kwa sauti ya chini kwamba kuna safari. Aliyemo mle akainama pia.

Nilikodi pikapu. Kioo tukakivika mablanketi, tukakilaza nyuma juu ya godoro, mama akakaa mbele katikati yangu na dereva. Njia nzima alikuwa na wasiwasi. Kila tuliposimama alimwomba dereva ashuke akalegeze blanketi kidogo ili mwenzake apate hewa. Dereva alianza kwa kucheka. Akashuka mara ya kwanza, akashuka tena, na baadaye akaacha kucheka na kuwasha redio. Tulipofika kwangu alinisaidia kushusha, ila alikibeba kioo kwa kukipa kisogo, uso wake ameugeuzia barabarani, na alipomaliza hakutaka hata maji ya kunywa.

Nikakitundika chumbani mwa mama, ukuta unaotazamana na dirisha. Nyuma ya nyumba ndiyo karakana, na uani tunachangia kisima na jirani yangu, mama mmoja Msambaa kutoka Vugiri anayeuza mboga za milimani. Yeye ndiye aliyekuwa anakaa na mama mimi nikiwa kazini. Mama alimpenda, na alimwita mjukuu. Mimi aliyenizaa kwa taabu na kunilea nilibaki kuwa fundi, na sahani yangu aliamuru ipelekwe barazani, kwa sababu fundi hulishwa lakini haketishwi chumbani mwa mwenye nyumba.

Katika majuma yale ya mwanzo mama alipungua mbele ya macho yangu. Bangili yake ya fedha, ambayo zamani ilihitaji sabuni kuivua, ilianza kuteleza hadi kwenye kiwiko akiinua mkono. Daktari alimpima akasema tumbo halina neno na damu si mbaya, lakini asipokula hatamaliza masika. Nilipomsimulia habari za mgeni, hakucheka. Akaniambia wazee wengine hufika mahali wasijitambue kwenye kioo, na dawa yake ni kukiondoa.

Nikakiondoa. Nilingoja jirani ampeleke mama bafuni, nikakitungua na kukipeleka karakana. Mama aliporudi aliutazama ukuta, akatazama uvunguni, akatoka. Nilidhani yuko uani. Tukamkuta mbali, karibu na stendi ya mabasi, kanga imemshuka mabegani, anawauliza wauza karanga kama wamemwona mwanamke mzee aliyevaa kama yeye. Wauza karanga walikuwa wanatazamana. Mmoja wao, msichana mdogo, alituambia baadaye kwamba alikuwa amemjibu ndiyo, amepita sasa hivi, kwa sababu kweli alidhani amemwona. Nilimfokea yule binti. Jioni hiyo kioo kikarudi ukutani.

Kisha nikafanya kosa kubwa zaidi, na jirani yangu kwa kuwa ni mtu wa milimani hakuweza kunionya. Nilikifunika kioo kwa kanga, nikaibana juu kwa misumari midogo. Niliwaza kwamba asipomwona mgeni atakula. Mama alipoingia na kuiona ile kanga, alishika fremu ya mlango. Kwetu, nyumbani kwa baba na mama, kioo hufunikwa kanga siku ya msiba. Mtu akifa, kabla hata mkeka haujatandikwa, bibi mmoja hupita akifunika vioo. Nililijua hilo tangu utoto na nilikuwa nimelifanya kwa mikono yangu siku ya baba, lakini akili yangu ilikuwa imeshika njaa ya mama tu na haikuona kitu kingine.

"Nani amekufa?" aliniuliza.

Nikamwambia hakuna aliyekufa. Akaniambia fundi, usinifiche, mimi si mtoto. Akajifunga kanga kiunoni, akaketi sakafuni akiegemea ukuta, akaanza kulia kwa sauti ile ya wanawake wa Kizigua matangani, sauti ambayo sikuisikia kwake hata alipofiwa na mumewe. Majirani wa mtaa wa pili wakaja kutoa pole. Ikanibidi nisimame mlangoni niwaeleze watu wazima wenye heshima zao kwamba hakuna maiti. Niliing'oa ile kanga, lakini mama hakuinuka, na alikataza moto usiwashwe jikoni kwa sababu nyumba ya wafiwa haipiki. Jirani akapika kwake akatuletea. Mama alionja uji kidogo kwa ajili ya kumridhisha mleta chakula, akaacha.

Alipotoka kwenye matanga yake alikuwa amepungua tena. Nilikuwa namlisha uji kwa kijiko, kichwa chake kikiwa kimegeukia kioo, na aliniambia nisikae pale katikati.

"Unamziba mgeni," alisema.

Kila mara alisema hivyo. Kwa hiyo nilizoea kukaa pembeni, mgongo ukutani, mahali ambapo kioo hakinifikii.

Basi ni mama mwenyewe aliyenipa kazi ile. Ilikuwa mchana, jua limesimama, nami nimeingia kuchukua vyombo. Akaniita kwa sauti ya mteja. Akasema mgeni wake hana sitara. Anatazamwa tangu asubuhi mpaka usiku, anakaa kama aliye barabarani, hawezi hata kujilaza bila kutazamwa. Haya ndiyo yanayomkosesha hamu ya chakula. Akaniuliza kama naweza kumfanyia mlango.

Nilisimama na sahani mkononi. Kanga juu ya kioo ni msiba, hilo nimekwisha lipia. Lakini mlango ni mlango tu. Mgeni aliyefunga mlango wake amepumzika, na mgeni aliyepumzika huwekewa chakula chake na watu wengine wakala. Nikamwambia mama, naweza.

Nilikwenda Ngombezi kutafuta mbao. Kulikuwa na jamaa aliyekuwa amenunua milango mikuukuu iliyotoka kwenye nyumba za wafanyakazi wa mkonge zilizobomolewa, na ndani ya rundo lake nikaona mninga, umekauka vizuri, mweusi kwa moshi na mikono ya watu. Mbao ya zamani haipindi ovyo, ndiyo sababu niliitaka. Nilipoipitisha randa, rangi nyekundu ikatoka chini ya ule weusi, na harufu yake ikajaa karakana. Mahali fulani palikuwa na mikwaruzo ya kucha au ya mbwa, chini kabisa ya ubao, upande wa ndani. Nilikata kipande hicho nikakitupa. Jirani aliniuliza kwa nini nisikitie jikoni. Nikasema sitaki tu.

Mpango wangu ulikuwa milango miwili myembamba kama ya dirisha, inayokutana katikati ya kioo, kila mmoja na fremu yake, juu vibao vilivyolala kimshazari, chini tumbo la ubao lenye nakshi. Nilichora mmea unaotambaa, majani yake mapana, unaopanda kutoka kushoto kwenda kulia. Nikaupeleka mchoro kwa mama. Akauinua mbele ya kioo ili mgeni naye aone, akatulia kidogo akisikiliza. Kisha akasema mgeni ameupenda lakini nimekosea. Kwake yeye mmea unakwenda upande mwingine.

Nilijua kabisa kioo hugeuza kila kitu. Mtoto mdogo anajua. Hata hivyo nywele za shingoni zilinisimama, kwa kuwa mama hakuutazama mchoro kwenye kioo, macho yake yalikuwa yananitazama mimi. Nikamjibu kwa ukali kwamba siwezi kuchonga mmea unaokwenda pande mbili. Mama hakuukasirikia ukali wangu. Alisema mlango una nyuso mbili, wa nje wachongee walio nje na wa ndani mchongee aliye ndani.

Nikachonga nyuso zote mbili. Upande wa ndani, ambao ungetazamana na kioo na usionekane na mtu, niliuchonga kwa uangalifu uleule, mmea ukitambaa kutoka kulia kwenda kushoto, na sijui kwa nini ulitoka mzuri kuliko wa nje. Patasi ilikuwa inapita kana kwamba njia imekwisha chimbwa. Nilikuwa nafanya kazi hiyo mchana peke yangu, geti limefungwa, na mara kadhaa niliinua kichwa nikidhani mtu amenisemesha. Nikajiambia ni vumbi la mninga, huleta kizunguzungu.

Nilipomwonyesha milango imekwisha, nimeipiga msasa na vanishi, mama aliipapasa kila mahali. Kidole chake kikaja kusimama kwenye ukingo.

"Komeo liko wapi?"

Nikamwonyesha ndoano ndogo niliyotaka kuiweka kwa nje. Akaitazama, akanitazama, na kwa mara ya kwanza akanikemea.

"Fundi, mlango wa mtu hufungwa kwa ndani. Unaofungwa kwa nje ni wa banda la kuku."

Nikarudi karakana nikatengeneza komeo la mti la kizamani, kibao kidogo kinachozunguka kwenye skrubu na kulala kwenye kishikio kilichopigiliwa mlango wa pili. Nikalifunga upande wa ndani wa mlango wa kushoto, nikalisimamisha wima na kukaza skrubu sana ili lisianguke. Ili lipate nafasi, niliinua fremu ya baba kwa kuongeza ubao kuzunguka kioo, upana wa vidole viwili. Milango ilipofungwa, kati yake na kioo palibaki uwazi mwembamba wa giza. Nilifunga bawaba nikijisemea kwamba ni komeo la mapambo, la kumridhisha mzee.

Hila yangu ilikubali. Siku ile ile ilikubali, na nilifurahi hadi nikamkumbatia jirani. Chakula kilipoiva mama alikwenda mbele ya milango iliyofungwa, akasimama wima, akapiga hodi. Akangoja. Akapiga hodi tena, na tena, sauti yake ikiwa ya chini zaidi kila mara. Kisha akarudi akaketi.

"Amepumzika," alisema. "Mwekee chake."

Nikafunika sahani ya mgeni kwa kawa, na mama akavuta ya kwake akala. Alikula wali wote na mchuzi akaufuta kwa kidole. Mimi nikiwa barazani na sahani yangu nilikuwa nasikia sahani ikikwaruzwa, na machozi yalinitoka. Sahani ya mgeni tukawapa kuku, mama asipotazama. Ikaendelea hivyo juma hadi juma, hodi bila jibu, kawa juu ya sahani, mama akila. Bangili ikaacha kuteleza. Alianza kumtania jirani, akimwambia watu wa Vugiri wanakula maharage mpaka yanawaota masikioni, na jirani akimjibu kwamba Wazigua wanakula muhogo hata kwenye harusi. Hata mimi alinisifu. Aliwaambia watu kwamba fundi wake ana ulimi mkali lakini mkono wake hauna mfano.

Masika yalipoanza ukungu ulishuka kutoka milimani ukakaa juu ya mji. Nguo hazikukauka, chumvi ikayeyuka kwenye kopo. Asubuhi moja jirani alinifuata karakana, mikono ameifumbata kifuani. Alisema alikuwa anafagia chumbani kwa mama, na mama alikuwa nje akiota moto, akasikia kitu kikigonga ndani ya ile milango. Mgongano mmoja tu, wa mti kwa mti. Alipojaribu kuivuta ikagoma.

Nikaenda. Nilivuta milango kwa kucha, nikaivuta kwa ncha ya bisibisi. Haikufunguka. Nilipobonyeza katikati nilihisi komeo limelala mahali pake, sawasawa, kama nilivyolitengeneza. Imefungwa kwa ndani.

Nilimweleza jirani kwamba mti huvimba wakati wa masika, tundu la skrubu hulegea, na kibao kilichosimama wima hatimaye huanguka kwa uzito wake. Ni maelezo sahihi. Ningeweza kumweleza fundi yeyote nchini na angekubali. Jirani aliitikia kwa kichwa kwa heshima, akasema sawa dada, na tangu siku hiyo hakuvuka tena kizingiti cha chumba kile. Alikuwa akimwita mama kutokea mlangoni. Mimi nilikuwa naingia, kwa kuwa ni nyumba yangu na milango ni kazi ya mikono yangu, lakini niliogopa, na nilikuwa natoka bila kuipa mgongo.

Mama hakuogopa. Alihuzunika. Alikuwa anajua milango imefungwa kwa ndani bila kuambiwa na mtu. Alipiga hodi asubuhi, akapiga mchana, akasogeza sikio kwenye vibao akasikiliza. Baada ya siku kadhaa akaniambia kwamba mtu akifunga mlango akapumzika ni sawa, lakini mtu akifunga komeo asitoke wala asijibu, ndani ya chumba hicho kuna jambo. Huenda anaumwa. Huenda ni zaidi ya kuumwa. Na mwenyeji gani ataketi ashibe huku mgeni wake amelala ndani na hajulikani hali yake?

Akaacha kula. Safari hii hakunawa hata mikono. Aliketi sakafuni, bega likiwa limeegemea milango yangu, na midomo yake ikakauka. Bangili ikarudi kwenye kiwiko, ikapita kiwiko. Daktari akaja nyumbani, akamtazama, akaniita pembeni na kusema maneno ambayo nilikuwa nayajua. Nilikuwa nimeutengeneza mlango ili mama aishi, na sasa alikuwa anafia mlangoni hapo.

Nikachukua bapa jembamba la msumeno. Ilikuwa asubuhi, mvua imekatika, jua limeingia dirishani. Nilimwomba mama asogee, na akasogea, akasimama nyuma yangu ameshika kopo la maji kwa ajili ya mgonjwa. Jirani alibaki ukumbini akisali sala zake kwa Kishambaa. Nikapenyeza bapa katikati ya milango, nikalishusha, nikalipandisha polepole kulitafuta komeo. Nililigusa. Nikajiandaa kulisukuma kwa nguvu, kwa sababu nilijua limevimba. Likanyanyuka kabla sijasukuma. Lilinyanyuka jepesi, na kusimama.

Nilifungua milango.

Kioo kilikuwa kimetota kwa unyevu, cheupe chote, hakionyeshi kitu. Nikakifuta kwa upindo wa kanga yangu, kuanzia juu. Uso wangu ukatokea kwanza, wa mwanamke aliyechoka, kilemba kimemkaa upande. Nikafuta zaidi, na nyuma ya bega langu akatokea mama na kopo lake.

Alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anatazama mle ndani. Nilimwona usoni akitafuta, akipita juu ya yule mwanamke mzee, akija kwangu, akisimama. Uso wake ukafunguka wote. Kopo likamwagika miguuni pake na hakulijali.

"Mwanangu," alisema. "Umekuja."

Yeye aliendelea kusema na kioo, kwa Kizigua sasa, lugha aliyonilelea. Alisema kumbe ndiyo sababu mgeni alifunga mlango, alikuwa amekwenda kuniita. Alisema nimekonda. Aliniuliza nani ananipikia huko niliko, na kazi haiwezi kungoja hata kidogo mtu akamwona mama yake? Alisema alikuwa ananingoja kila siku, na chakula hakikumshuka.

Nikageuka. Nilimshika mabega yote mawili, uso kwa uso, karibu kiasi cha kuhisi pumzi yake, nikamwambia, mama, ni mimi, niko hapa.

Akanitazama kwa adabu. Kisha akanisukuma taratibu kwa kiganja.

"Fundi, nipishe. Unamziba mwanangu."

Nilitoka nikaenda jikoni. Jirani alinifuata, akaniona usoni, akanipakulia ugali na mlenda bila kuuliza. Nilipika chai pia, sijui kwa nini, mikono ilikuwa inatafuta kazi. Kisha nikarudi na sinia moja, nikaliweka sakafuni mbele ya kioo. Safari hii sikupeleka sahani yangu barazani na sikukaa pembeni. Niliketi ubavuni mwa mama, bega kwa bega, mahali ambapo kioo kinanifikia.

Mama alinawa. Akanigeukia upande, akaninong'oneza kwa upole wa mtu asiyetaka kumwaibisha mfanyakazi mbele ya watu.

"Leo kula hapa hapa, fundi, si neno. Ila ngoja kwanza mwanangu aanze. Ametoka mbali."

Nikasema ndiyo, mama. Nikakata tonge, nikalichovya kwenye mlenda, na macho yangu nikayaweka mle ndani alikokuwa anatazama yeye. Nikala. Mle ndani mwanawe akaanza kula, na mama akapeleka mkono kwenye sinia.